Zahanati na msichana anayejinyima chakula

MSICHANA wa kidato cha pili anafikishwa zahanati na mama yake. Ana kizunguzungu, tumbo linamsumbua na hedhi imekatika kwa miezi mitatu. Atapimwa malaria, kisha mimba. Majibu yakiwa mazuri, ataandikiwa vidonge vya kuongeza damu na kurejea nyumbani. Iwapo anakula, au akishakula hujitapisha, pengine hakuna atakayeuliza.

Si ajabu. Katika miji yetu kuambiwa "umenawiri" bado ni sifa, na matatizo ya ulaji huhesabiwa kuwa maradhi ya Wazungu. Fiji nako mwili mnene uliheshimiwa, hadi televisheni ilipoingia Nadroga mwaka 1995. Mtafiti wa Marekani, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, kisha kundi jingine mwaka 1998. Wenye ulaji wa kutia shaka waliongezeka kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2; waliojitapisha ili wapungue, kutoka sifuri hadi asilimia 11.3. Utafiti ulikuwa mdogo, wasichana wasiofika 70 kila mara, lakini uliitikisa dhana kwamba utamaduni peke yake ni kinga. Na hiyo ilikuwa televisheni tu, kabla ya simu zenye picha kuingia mifukoni.

Mizani ya kliniki humfuata mtoto hadi miaka mitano, kisha kadi hufungiwa kabatini. Balehe, umri ambao hatari hii huanza, humkuta binti akiwa hana anayemfuatilia. Kuziba pengo hilo hakuhitaji mashine. Mwaka 1999 madaktari wa London walichapisha maswali matano mafupi: je, hujitapisha ukihisi umeshiba kupita kiasi? Unahofu kuwa huwezi tena kudhibiti kiasi unachokula? Umepungua zaidi ya kilo sita katika miezi mitatu? Unajiona mnene huku wengine wakisema umekonda? Chakula kimetawala maisha yako? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kumfanya mganga achunguze zaidi: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, meno yaliyolika kwa tindikali ya matapishi. Anayejitapisha mara kwa mara anaweza kupungukiwa madini ya potasiamu hadi moyo ukayumba, hata kama uzito wake ni wa kawaida.

Je, kila msichana ahojiwe? Mwaka 2022 jopo linaloishauri Marekani kuhusu huduma za kinga lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataa kuwapima wasio na dalili. Lakini msichana wetu ana dalili. Aidha, kwa vijana wenye anoreksia, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2017 unatanguliza tiba inayoihusisha familia, ambamo mwanzoni wazazi husimamia milo. Mama, basi, atahitajika sana.

Ila si wakati wa maswali yale matano. Katika zahanati nyingi muuguzi huuliza mlango ukiwa wazi, na anayejibu ni mama.