Space Gani Jamani?

Mwezi huu tuongelee Kiingereza cha mapenzi, maana kinatuvunja mioyo wengi. "I need space." Meseji hiyo ikiingia saa nne usiku, unabaki unajiuliza: space gani jamani, wakati yeye anakaa Mbezi na mimi Mbagala?

Kabla hujalia, hebu tuanze na neno 'ease', ile raha ya kutobanwa. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa Kifaransa cha kale lilikuwa 'aise', na lilihusu nafasi ya kuchezesha viwiko, pia fursa. Wataalamu wengi wanalirudisha nyuma zaidi, hadi Kilatini 'adjacens', yaani kilicho jirani, kilicho kando yako. Umeona? Raha ilianzia pembeni ya mtu, wala siyo mbali naye. Na ukimnyima mtu 'ease' yake unapata 'disease'! Sitanii. Karne ya 14 neno hilo lilimaanisha kukosa utulivu, na ugonjwa pia.

Lakini ninalolipenda zaidi ni 'comfort'. Siku hizi tukilisikia tunawaza sofa laini na kiyoyozi. Kumbe ndani yake limo neno la Kilatini 'fortis', yaani imara, mwenye nguvu. Zamani kumpa mtu 'comfort' kulikuwa ni kumtia nguvu. Shosti wangu mmoja ana mume anayembembeleza asubuhi hadi jioni, zawadi haziishi. Siku alipotaka kurudi chuo kusoma shahada ya pili, akaambiwa, "Ya nini, si nakupa kila kitu?" Mimi naona huyo dada kapewa mto tu wa kulalia.

Turudi kwenye ile meseji. Kiswahili chetu kina 'nafasi', kutoka Kiarabu 'nafas', yaani pumzi. Tunalitumia kwa mahali, kwa muda na kwa fursa, karibu kama 'aise' ya Wafaransa wa kale. Kwa hiyo mwenzako akikwambia anahitaji space, muulize kwa Kiswahili: nafasi ya nini, na mpaka lini? Kwa Kiingereza anaweza kujificha. Kwa Kiswahili itabidi ataje: Jumapili za mpira na washkaji, wiki mbili za mitihani, au jina la mtu.