Bukavu: Gareji iliyofungwa kabisa huozesha gari la zamani

Mvua zimerudi mjini Bukavu. Wenye magari ya zamani, kama Volkswagen Coccinelle na Peugeot 504, wanayafungia gareji na kuyafunika turubai la plastiki. Wanadhani wanayalinda. Kwa maoni yangu, wanayaharibu.

Maji tunayokuta asubuhi juu ya bodi si ya bati linalovuja tu. Mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi, na usiku ni baridi. Hewa yenye unyevu ikigusa chuma baridi, inageuka matone. Plastiki inayazuia yasikauke, na kutu inaanza chini ya milango.

Dawa si ghali. Ndugu wakaaji, acheni matundu chini kwenye ukuta mmoja na juu kwenye ukuta unaouelekea, hewa ipite. Sakafu ikiwa ya udongo, plastiki itandikwe hapo, si juu ya gari. Gari lifunikwe kwa kitambaa cha pamba, likiwa kavu. Na msiwashe injini dakika tano tu kila siku: maji hubaki ndani ya ekzosi na kuila.

Wapo pia waliopokea familia zilizokimbia vita na kuzilaza gareji. Hapo matundu ni lazima zaidi, maana pumzi na upishi huongeza unyevu, na moshi wa injini au wa makala unaua watu usingizini. Watu wakilala humo, gari litoke nje, na jiko pia. Gari lenye kutu hutengenezwa. Mtoto aliyekosa hewa harudi.