Mwenye Kamera Naye ni Mfanya Kazi



Katika mkutano uliopita wa tawi letu, watu walipokuwa tayari wamesimama kwenda zao, mwenzetu mmoja aliuliza kama chama kinaweza kuwasaidia vijana wanaopiga picha za vidio za kutangaza magari. Wengi walicheka. Mmoja akajibu, "Hao ni wafanya biashara, wana vyombo vyao wenyewe." Mimi sikucheka, na sababu yake ni kwamba mmoja wa vijana hao ni mpwa wangu.

Labda wengine hawaijui kazi yenyewe. Mji wa Kitui haukupata reli. Treni hupita upande wa Makueni, kwa Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na mtu wa Mutomo au Wote akitaka kupeleka maembe sokoni hutegemea gari. Basi yadi za magari yaliyotumika Japani, yanayoingia kwa Mombasa, zimejaa kando ya barabara zetu. Kanuni za nchi hazikubali gari lililozidi umri wa miaka 8 kuingizwa, kwa hiyo magari ya yadi hii na ya yadi ile hufanana kama mapacha: Probox na Probox, nyeupe na nyeupe. Mnunuzi atakwenda kwa nani? Atakwenda kwa yule aliyemwona katika simu yake. Hapo ndipo kijana wa kamera huitwa.

Siku moja ya mapumziko yangu nilimfuata kazini, akanipa taa niishike. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, maana jua likishapanda gari huwaka kama bati na kivuli huwa cheusi. Kwanza alilifuta gari vumbi yeye mwenyewe. Kisha akapiga picha za mbele, ubavuni, magurudumu, injini na viti. Bodi ya gari jipya-jipya ni kioo, nalo humwonyesha mpiga picha pamoja na mjomba wake mwenye taa. Tulirudia mara nne kwa ajili ya shati langu la manjano, mpaka akaniambia, "Mjomba, tafadhali inama." Baada ya hapo akamfundisha mwenye yadi maneno ya kusema kwa Kikamba, na mwenye yadi akasahau bei ya gari lake. Akasema tena, upepo ukaiharibu sauti. Akasema tena.

Usiku mimi nililala, naye akaketi mbele ya kompyuta akikata picha na kuziunganisha, akitia muziki, akiandika bei na nambari ya simu. Asubuhi mwenye yadi akabadili bei, na kazi ikafunguliwa upya. Nilihesabu kazi za watu sita katika mtu mmoja. Kwetu reli kazi hizo zingekuwa na watu sita kweli, na msimamizi wa saba wa kuwatazama.

Malipo yalikuwa shilingi 15,000, mapatano ya mdomo, zilipwe gari likiuzwa. Litazameni neno hilo, ndugu zangu. Kijana haweki bei ya gari, wala hakulinunua Japani. Gari likiwa ghali kuliko la jirani, picha nzuri haitaliuza, lakini anayengoja fedha ni yeye. Gari lile lilikaa wiki saba.

Kabla halijauzwa aliitwa tena kwa gari jingine. Safari hii mwenye yadi alitaka picha ya gari likikimbia, katika barabara ya lami itokayo Kibwezi kwenda Kitui. Kijana aliketi nyuma ya gari la mbele, mlango wa nyuma umefunguliwa, akipiga picha la pili likimfuata. Mbuzi wakavuka. Dereva akakanyaga breki, na mpwa wangu akaanguka barabarani. Mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili na kamera ikapasuka. Magari yote mawili yalikuwa ya yadi, madereva walikuwa wa yadi, na amri ya kuongeza mwendo ilikuwa ya yadi. Mwenyewe alimpeleka hospitali, hilo siwezi kumnyima, akamwacha mlangoni. Nilipompigia simu alinijibu kwa adabu kabisa: "Ndugu yangu, kijana yule si mfanya kazi wangu. Nilimwita kwa kazi moja tu."

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 ni ngao ya mtu aliyeajiriwa. Mimi nikivunjika mkono hapa stesheni, mwajiri ana wajibu juu yangu hata kama hanipendi. Kijana hana mwajiri. Na kwa matibabu, sisi tangu Oktoba 2024 hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya kabla mshahara haujafika mkononi. Tunanung'unika, lakini imelipwa. Asiye na mshahara alitakiwa kutoa ya mwaka mzima, naye mpwa wangu alikuwa akingoja gari liuzwe ndipo alipe. Dada yangu aliuza mbuzi wanne.

Lililoniuma zaidi ni tangazo lile la kwanza. Lilikuwa halijalipiwa, na bado lilikuwa likionyeshwa katika simu za watu kila siku. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba ni mali ya kijana na tutalizuia. Nilikuwa nimekosea. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 31, yasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu, haki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa wenyewe wamepatana vingine. Hawakupatana vingine. Hawakuandika kitu.

Sasa nawarudia waliocheka. Jibu la "si mtu wangu, nilimwita leo tu" hatukulisikia mara ya kwanza kwa mwenye yadi. Baba zetu walilisikia. Mombasa, Januari 1947, watu wa reli na wa bandari walipoacha kazi, waliacha pamoja na vibarua wa siku, watumishi wa nyumba na wa hoteli. Ule umoja uliotokea pale, African Workers' Federation, aliouongoza Chege Kibachia hadi alipokamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo, haukumwuliza mtu kama ana mwajiri mmoja au kumi. Leo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja hawezi kuendelea kuhesabiwa kama kibarua wa siku. Maneno hayo watu waliyapigania miaka mingi. Na hoja ya kwamba kijana ana kamera yake, je, fundi seremala akija na msumeno wake huacha kuwa mfanya kazi?

Nakubali kwamba chama chetu hakiwezi kumdaia mshahara mtu asiye na mshahara, na katiba yetu ni ya watu wa reli. Wala sisemi mpwa wangu hana kosa. Nilimwambia zamani aandike mapatano, akanijibu kwamba ataonekana mtu mgumu na yadi itamwita mwingine. Alisema kweli. Wako wengi, Wote, Kitui na Emali, na hawajuani. Mmoja akitaka 15,000, wa pili husema 8,000, wa tatu huenda kwa nauli na chakula.

Ninachoomba ni karatasi moja. Katibu wetu anajua kuandika mapatano kuliko wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Aandike mfano, kwa Kiswahili na Kikamba, tuupige chapa hapa hapa. Nusu ya malipo itolewe kabla kamera haijatoka mfukoni, na nusu siku ya kukabidhi tangazo, gari liuzwe lisiuzwe. Picha zibaki mali ya mpigaji mpaka shilingi ya mwisho. Marekebisho yakizidi mawili yalipiwe. Gari la yadi likiendeshwa kwa ajili ya picha, ajali iwe juu ya yadi. Na yadi ikitaka picha za ndege ndogo isiyo na rubani, ieleweke ni nani atakayetafuta ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga chini ya kanuni za 2020, maana akikamatwa atakuwa kijana.

Wale wote wawakusanye wenzao na kukubali karatasi ile ile moja. Hapo yadi ikimwita mwingine, mwingine huyo atakuja na maneno hayo hayo.

Tena iko Mahakama ya Madai Madogo, ya sheria ya 2016, iliyoanza Nairobi mwaka 2021 na kupelekwa miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ya malipo ya kazi na hata ya kuumia mwili, mtu huweza kujisemea bila wakili, na hukumu hutakiwa katika siku 60. Mahakama hiyo haipokei mashauri ya ajira. Lakini mwenye yadi ameshasema mwenyewe kwamba kijana hakuajiriwa, basi na tumshike kwa neno lake. Mpwa wangu anaandaa dai. Shahidi wake mkubwa ni ujumbe wa simu alioandikiwa asubuhi ya ajali: "Leo mkimbie kidogo, ile ya juzi ilikuwa imelala."

Naomba jambo hili liwekwe la kwanza katika mkutano ujao, si la mwisho. Nitakuja naye. Mkono ungali katika plasta, kwa hiyo yule aliyesema hao ni wafanya biashara amwekee kiti karibu na mlango.