Mijusi wasio na madume, na swali la mtoto wetu



Darasani kwetu limezuka swali. Mtoto mmoja amesoma kuwa huko Marekani kuna mijusi majike matupu, wanaotaga na kuangua bila dume. Akauliza: "Ustadhi, kama mjusi anaweza, mbona kuzaliwa kwa Nabii Isa (A.S.) kunaitwa muujiza?" Nyumbani alikuwa ameshaambiwa huo ni uongo wa makafiri, anyamaze.

Si uongo. Mijusi hao wako New Mexico, Arizona na kaskazini ya Mexico, wembamba, wenye mistari mgongoni na mkia mrefu kama mjeledi. Takriban theluthi moja ya aina za jamii yao hazina madume kabisa. Jimbo la New Mexico lilimfanya mmoja wao kuwa mtambaazi wake rasmi mwaka 2003. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Stowers, Kansas City, walieleza siri yenyewe: kabla chembe ya yai haijagawanyika, kromosomu zake huongezeka maradufu, kisha kila moja hupatana na nakala yake. Hivyo yai hubaki na urithi wote wa mama, na mtoto hutoka kama mama, jike.

Wengine wetu nao huikimbilia habari hii kwa furaha: "Sayansi imethibitisha Sura Maryam!" Hapo tunatofautiana nao. Anayemtetea Bibi Maryam kwa mjusi amemshusha bila kujua, na hoja haisimami. Mjusi huyu huzaa hivyo kila msimu, na mama yake kabla yake, ndiyo desturi aliyoumbiwa na Allah (S.W.). Tena huzaa majike tu, ilhali Maryam alizaa mtoto wa kiume, na mwanamke hana kromosomu ya Y ya kumpa mwanawe. Jambo likiwa la kawaida, litakuwaje ishara?

Tunawaomba wazazi, mtoto akija na swali kama hili msimkemee. Akinyamazishwa nyumbani ataliuliza kwingine, na huko hatujui atajibiwa nini.

Wetu tulimjibu hivyo hivyo. Kesho yake akarudi na jingine: mjusi wa kwanza alitoka wapi? Tukamweleza kuwa aina mbili tofauti, zenye madume na majike, zilipandana, akazaliwa chotara. Basi hata ukoo huu usio na baba, bibi yao wa kwanza alikuwa naye. Akacheka, akaandika daftarini.