Sindano ya makunyanzi: Jua kwanza kunyanzi lako ni la aina gani

Zimebaki siku 10 kabla ya send-off ya binti. Ukumbi umelipiwa, gauni liko kwa fundi, na mama mzazi anakuza kwenye simu picha aliyopigwa siku bintiye anavalishwa pete. Katikati ya nyusi kuna mistari miwili imesimama kama namba 11. Kutoka puani kushuka hadi pembe za mdomo kuna mifereji.

"Kachome Botox, shoga yangu, yote yanaondoka," rafiki yake anamwambia. Saluni moja imeshamtumia bei kwa WhatsApp na kuongeza kuwa ipo "nyingine ya bei nafuu, kazi ni ileile".

Kazi si ileile. Sindano zinazotumika kupunguza makunyanzi usoni ziko katika makundi mawili makubwa, na moja haliwezi kushika nafasi ya jingine.

Kundi la kwanza ni dawa zinazotokana na sumu ya botulini, inayotengenezwa na bakteria. Botox ni jina la kibiashara la dawa moja tu. Dawa nyingine za kundi hilo ni pamoja na Dysport na Xeomin. Dawa hii huzuia neva isiupe msuli amri ya kujikunja. Ilianza kwenye macho: mwaka 1989 Marekani iliidhinisha itumike kwa watu wenye makengeza na wale ambao kope zao hubana zenyewe. Nchini Canada, daktari wa macho Jean Carruthers aliona kuwa wagonjwa aliowachoma karibu na nyusi walipoteza mikunjo. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, waliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1992, na miaka 10 baadaye Marekani ikaidhinisha Botox kwa ile mistari ya katikati ya nyusi.

Kundi la pili huitwa fila. Hizi hazigusi msuli. Ni ute mzito, mara nyingi wa asidi ya hayaluroniki, ambayo mwili wenyewe huwa nayo kwenye ngozi, unaowekwa chini ya ngozi kujaza palipobonyea. Restylane na Juvederm ni za kundi hili.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hela. Simama mbele ya kioo, kunja uso, kisha uachie. Mstari unaokuja na kuondoka pamoja na uso ni wa msuli, na huo ndio unaofaa dawa ya botulini. Mstari unaobaki hata uso ukiwa umetulia umeshachimba ngozi. Kuulegeza msuli kunaweza kuupunguza, lakini hakuujazi. Mifereji ya puani hadi mdomoni mara nyingi hutokana na nyama ya shavu kupungua na kushuka. Ukichoma botulini hapo unaweza kulegeza misuli ya mdomo, na cheko likaenda upande. Hebu fikiria picha za send-off hiyo.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu melanini hukinga ngozi dhidi ya jua na mistari midogo huchelewa kuja. Kinachoanza kuonekana mara nyingi ni uso kupungua nyama. Mwenye historia ya makovu yanayovimba, au aliyetumia mkorogo kwa miaka, amwambie daktari mapema. Krimu zenye steroidi hukonda ngozi, na hakuna sindano hata moja kati ya hizi inayorudisha ngozi hiyo.

Tukija kwenye kuchagua kati ya Botox na wenzake, tofauti ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Zote huanza kuonekana ndani ya siku chache, hufikia kilele karibu wiki mbili na hudumu miezi mitatu hadi minne. Anayepiga hesabu apige ya mwaka mzima, si ya sindano moja. Kitu cha kuangalia ni yuniti. Kipimo cha kawaida cha katikati ya nyusi ni yuniti 20 za Botox, lakini kwa Dysport ni 50. Hamsini hizo si dawa nyingi zaidi, ni mizani tofauti. Anayekwambia "yuniti ni yuniti" hajui anachokichoma.

Hatari nazo hazifanani. Botulini ikikosewa inaweza kushusha kope kwa wiki kadhaa, kero inayopita yenyewe. Fila ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi ya eneo hilo, na ikifika kwenye mishipa ya jicho, mtu anapofuka. Puani na katikati ya nyusi ndiko hatari hiyo ilikojificha zaidi. Dalili ni maumivu makali, ngozi kupauka au kugeuka zambarau, au kuona kiwi ghafla, na kwenye ngozi nyeusi kupauka huko si rahisi kukuona. Fila ya hayaluroniki ina kiyeyushio chake, hayaluronidasi, na anayechoma anapaswa kuwa nacho chumbani, si kukiagiza. Silikoni ya maji haina kiyeyushio. Ukitajiwa hiyo, chukua mkoba wako uondoke.

Halafu kuna feki. Aprili 2024 mamlaka za Marekani ziliripoti watu 22 katika majimbo 11 waliodhurika baada ya kuchomwa Botox bandia au na watu wasio na sifa. Anayeanza kuona vitu viwili viwili, kumeza kwa shida au kukosa pumzi baada ya sindano hizi aende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa Tanzania, dawa na vifaa tiba husimamiwa na TMDA, na madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuomba kuona boksi, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la daktari si utovu wa adabu. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye ugonjwa wa misuli kuchoka, au anayechomwa jentamaisini wakati huo, aseme kabla ya botulini.

Na mama wa send-off? Siku 10 hazitoshi botulini kufika kilele wala kurekebisha kilichokwenda kombo, na fila inaweza kuacha uvimbe na michubuko hadi wiki mbili. Ameahirisha hadi baada ya harusi. Kwa sasa amemwomba mpambaji apunguze poda, maana ikizidi hujikusanya kwenye mifereji na kuionyesha zaidi.