Msiwasahau wa Sverdlovsk

Ubingwa wa hoki ya barafuni wa Muungano wa Kisovieti ulianza Desemba 1946, Dynamo Moscow ikawa bingwa wa kwanza. Wengi hukimbilia kuisifu CSKA kwa mataji yake 13 mfululizo, 1977 hadi 1989. Ni haki yao, lakini VVS nayo isisahaulike.

Hiyo ilikuwa timu ya jeshi la anga, mlezi wake Vasily, mtoto wa Stalin. Tarehe 5 Januari 1950 ndege yao ilianguka Sverdlovsk, wachezaji 11 wakafariki. Nyota wao, Vsevolod Bobrov, hakuwemo ndani. Magazeti yalinyamazishwa!

Timu ikasukwa upya, ikatwaa ubingwa 1951, 1952 na 1953. Stalin alipofariki, ikavunjwa. Wanaoandika historia hii wawataje marehemu hao kwa majina.