Chujio la hewa: bei ya dukani si gharama ya barabarani

Msafirishaji anayepeleka shehena kutoka Mombasa hadi Kampala anajua kwa kichwa bei ya dizeli, posho ya dereva na bei ya tairi. Lakini ukimuuliza kuhusu chujio la hewa, ambalo mafundi wengi wanaliita ea klina, na kiasi cha vumbi linachopitisha, mara nyingi atakuelekeza kwa fundi. Fundi naye hununua lililopo dukani, na mara nyingi lililo rahisi kuliko yote.

Hapo ndipo fedha za kampuni nyingi za malori zinapovuja bila kuonekana kwenye daftari.

Hewa inayopita

Kuchoma lita 1 ya dizeli kunahitaji hewa isiyopungua lita 10,000, na injini ya dizeli kwa kawaida huvuta zaidi ya hapo. Chukua lori lililobeba mzigo linalotumia lita 45 kwa kilomita 100. Mombasa hadi Kampala ni karibu kilomita 1,170, kwa hiyo litachoma zaidi ya lita 520 za mafuta na kuvuta zaidi ya lita milioni 5 za hewa. Hiyo ni safari ya kwenda tu.

Si hewa yote iliyo safi. Barabara ya Nimule hadi Juba, yenye urefu wa kilomita 192, iliwekwa lami mwaka 2012, lakini njia nyingi zinazotoka Juba kwenda majimboni ni za udongo. Hali ni hiyo hiyo katika sehemu nyingi za mashariki ya Kongo. Vumbi hilo lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikiingia husaga ringi na kuta za silinda, na hula mapanga ya tabo.

Asilimia zinazodanganya

Wauzaji hunadi vichujio kwa asilimia. Kimoja kinazuia vumbi kwa asilimia 99.9, kingine 99 na kingine 97. Mnunuzi huona namba zinazokaribiana na kuchagua bei ndogo.

Namba hizo hazikaribiani hata kidogo. Kwa kila kilo 1 ya vumbi, la kwanza linapitisha gramu 1, la pili gramu 10 na la tatu gramu 30. Injini haiathiriwi na vumbi lililozuiwa, bali na lile lililopita. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni gramu ngapi zinapita, na kama chujio limepimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 5011, ambacho hupima uwezo wa kuzuia vumbi, kiasi cha vumbi kinachobebwa na ugumu wa hewa kupita.

Tatizo ni kwamba chujio hafifu halijitangazi. Hewa hupita kirahisi, na dereva hulisifu kuwa gari limekuwa jepesi. Dalili huja baadaye: injini inakula oili, moshi wa buluu unatoka na nguvu zinapungua, hasa kwenye milima kama ya Timboroa, ambako barabara inapita zaidi ya meta 2,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kwa karibu robo.

Hesabu ya mwaka

Tuchukue mfano, na kila msomaji aweke namba zake. Tuseme chujio zuri ni dola 80 na la rahisi ni dola 30, na yote hubadilishwa mara 3 kwa mwaka. Anayenunua la rahisi ameokoa dola 150.

Sasa tuseme kufumua injini na kuitengeneza upya ni dola 6,000. Ikiwa injini ingedumu miaka 8 lakini vumbi likaifikisha miaka 5, gharama yake kwa mwaka inapanda kutoka dola 750 hadi 1,200. Umeokoa 150 ukapoteza 450. Kwa malori 10 hasara ni dola 3,000 kila mwaka, kabla ya kuhesabu siku ambazo lori limelala gereji na mteja amehamia kwa mwingine.

Magari madogo na pikapu

Wapo wanaoondoa boksi la kiwandani na kufunga chujio la wazi la pamba yenye mafuta, linalooshwa na kutumika tena. Kwa gari la mizigo faida yake ni ndogo. Likikaa wazi karibu na injini huvuta hewa ya moto, na mafuta yakizidi huchafua sensa ya hewa.

Kwa njia za vumbi ni afadhali kubaki na boksi la kiwandani lenye chujio bora. Bomba la kuinua mdomo wa hewa hadi usawa wa paa husaidia, kwani juu vumbi ni kidogo, mradi viungo na klipu zote zimekaza. Mpasuko baada ya chujio huingiza vumbi lisilochujwa kabisa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Aidha, utingo asipulize chujio la karatasi kwa upepo wa kompresa, kwani hutoboka bila kuonekana. Libadilishwe kwa kufuata geji ya mvuto wa hewa.

Kwa wafanyabiashara wa spea

Vichujio vya hewa vya injini viko chini ya namba ya forodha 8421.31. Vilivyotengenezwa nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki havipati uasilia wa Jumuiya kwa kubadilishwa boksi tu. Kwa hiyo cheti rahisi cha uasilia, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, hakiwahusu. Weka ankara na hati za ushuru uliolipwa.

Bidhaa bandia nazo zina hatari yake. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008, na Tanzania kazi hiyo inafanywa na Tume ya Ushindani. Mzigo ukikamatwa, faida yote imekwenda.

Msafirishaji asiyejua gramu zinazopita kwenye chujio lake ananunua kwa kubahatisha. Na muuzaji anayeweza kumjibu ana bidhaa ambayo jirani yake mwenye bei ya chini hana.